Barua ya wazi: Kambi ya hema Pugu ianze na udongo, maji na choo

Kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), Halmashauri ya Wilaya ya Kisarawe, na viongozi wa vijiji na mitaa inayopakana na Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi

Waheshimiwa,

Mkazi wa Dar es Salaam akisema anataka kulala kwenye hema usiku mmoja, watu humwelekeza Mikumi. Akipiga hesabu ya gari, mafuta na kiingilio kwa familia ya watu watano, anaahirisha hadi mwakani, na mwakani anaahirisha tena. Ilhali ukiupita uwanja wa ndege, ukapita Gongo la Mboto na kupanda kuelekea Kisarawe, kuna msitu wa asili wa pwani unaofikika kwa daladala. Humo sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, bado anapekua majani makavu mchana, komba wanalia usiku, na wapo ndege ambao watazamaji wa ndege husafiri kutoka nchi za mbali kuja kuwatafuta. Abiria wa treni wanaupita msitu huo kila siku, na wengi wao hawajawahi kufikiri kwamba mtu anaweza kulala pale na kesho yake akawahi kazini.

Tunachoomba ni kambi ndogo ya hema, ya bei ya mwananchi, ya watu wasiozidi 40 kwa usiku mmoja, iliyotengenezwa vizuri kuanzia chini. Hatuombi hoteli. Hatuombi nyumba za kupangisha zenye viyoyozi. Kambi nyingi huanza na lango kubwa na bango la picha, fedha zikaishia hapo, kisha mgeni wa kwanza wa msimu wa mvua anaamka usiku wa manane hema lake liko ndani ya dimbwi. Huyo harudi, na anawaambia wenzake wasije.

Kwa hiyo tuanze na udongo. Vilima vya Pugu vina mawe ya mchanga yaliyojaa kaolini, ule udongo mweupe uliofanya mapango ya Pugu yachimbwe. Udongo wa namna hii ukikauka unakuwa mgumu kama sakafu: kigingi cha waya kinachokuja na hema la bei nafuu kinapinda kabla hakijaingia. Ukilowa unateleza, na maji hayazami, yanatafuta bonde. Hema likiwekwa juu yake moja kwa moja, maji ya mvua yanapita chini ya sakafu ya hema, na uzito wa mtu aliyelala unayasukuma yapenye kwenye kitambaa. Watu husema hema linavuja kwa juu, kumbe limelowa kwa chini.

Dawa yake si ghali. Kila sehemu ya kusimamisha hema iwe na mita 4 kwa 4. Fyekeni majani, ng'oeni visiki vidogo, shindilieni, kisha mwageni mchanga mnene wa unene wa sentimita 10 na kuuzungushia magogo au mawe ili usitawanyike. Hiyo ni mita za ujazo 1.6 kwa sehemu moja. Sehemu 12 zinahitaji mita za ujazo 19 hivi, yaani tripu tano za lori la tani saba. Mchanga huo ununuliwe mahali halali nje ya hifadhi. Ukichotwa kwenye mabonde ya msitu wenyewe, kambi itakuwa imeanza kwa kuharibu kile kinachowaleta watu.

Mwinamo uwe sentimita 2 kwa kila mita, kwa hiyo upande wa juu uzidi upande wa chini kwa sentimita 8. Fundi mwenye pima maji na ubao mnyoofu wa mita 2 anaweza kupima sehemu zote 12 kwa siku moja. Mwinamo ukizidi, aliyelala anateremka usiku kucha hadi miguu inagusa ukuta wa hema, na ukuta unaoguswa hupitisha maji. Ukipungua, dimbwi. Juu ya safu ya hema chimbeni mfereji mmoja wa pamoja, upana sentimita 20 na kina 15, ukimwaga maji kwenye majani na si kwenye njia ya miguu. Mfereji huo ukikosekana, kila mgeni atajichimbia wake kwa jembe la kuazima, na baada ya msimu mmoja uwanja mzima utakuwa na makovu yanayogeuka makorongo.

Mchanga una tatizo lake: haushiki vigingi. Kwa hiyo kila pembe ya sehemu ya hema iwe na nguzo fupi ya mkaratusi iliyotiwa dawa ya mchwa, iliyofukiwa sentimita 60 na kuachwa sentimita 30 juu ya ardhi, ikiwa na pete ya chuma ya kufungia kamba. Katikati ya pande mbili zinazotazamana simamisheni nguzo ndefu, zenye mita 2.4 juu ya ardhi, za kutandazia turubai. Hizi nguzo ndefu ndizo tunazozitilia mkazo kuliko kitu kingine chochote kwenye uwanja, na tutaeleza kwa nini.

Hema ambazo wananchi wengi wanamudu, zile za watu wanne zinazouzwa madukani Kariakoo, mara nyingi zina kitambaa kimoja tu na kipande kidogo cha kufunika kichwani. Mvua ya wima zinaizuia kidogo, mvua ya upepo hapana. Halafu kuna jasho la hema. Pwani hewa imejaa unyevu. Watu wanne wakipumua usiku ndani ya kitambaa kimoja, mvuke unagandamana kwenye dari na kudondoka alfajiri hata kama hakuna wingu angani. Turubai la mita 4 kwa 6 likitandazwa juu ya hema, uti wake kwenye kamba iliyofungwa kwenye kimo cha mita 2.2 na pembeni likishuka hadi mita 1.2, linatatua yote mawili: mvua haifiki kwenye hema, na mgeni anaweza kuacha madirisha wazi ili upepo upite. Nguzo zikiwepo, hakuna atakayefunga kamba kwenye mti mchanga wala kupigilia misumari kwenye gome. Pia mtaweza kukodisha turubai kwa usiku mmoja, mapato ambayo yanarudisha gharama ya nguzo.

Kabla ya mchanga kumwagwa, mtu anayeijua miti atembee eneo lote akitazama juu. Tawi kavu lililokwama kwenye mwavuli wa mti huanguka usiku usio na upepo kama vile linavyoanguka kwenye upepo. Kama kuna matawi ya namna hiyo, sogezeni hema, msikate mti. Hema na hema ziachane mita 5, kwa ajili ya moto na kwa ajili ya faragha.

Maji. Kiwango kinachotumika hata kwenye kambi za dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika na kuoga kidogo. Watu 40 ni lita 600 kwa siku, na wikendi ya siku mbili ni lita 1,200. Matangi mawili ya plastiki ya lita 1,000 yanatosha na kubakisha akiba. Yawekwe kwenye jukwaa la mita moja na nusu, bomba likae juu ya kitako cha tangi ili tope lisitoke na maji. Banda la kupikia lenye paa la bati la mita za mraba 50 linakinga takriban lita 40 kwa kila milimita moja ya mvua, baada ya kutoa yanayopotea. Mvua moja nzuri ya milimita 25 inaleta lita 1,000. Maji ya kwanza baada ya kiangazi yamwagwe, kwa sababu yanasomba vumbi na kinyesi cha ndege. Kuanzia Juni hadi Septemba paa halitasaidia, kwa hiyo boza la maji liwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo, lisiwe jambo la kushtukia Julai. Na ubaoni paandikwe waziwazi kama maji hayo yametiwa dawa au yachemshwe kwanza. Bwawa la Minaki libaki la kutazama. Asiogee mtu, asioshe sufuria, wala pasiwe na hema ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

Choo kimoja kwa watu 20 ndicho kiwango cha chini. Kwa kambi ya watu 40 tungependa vinne, viwili vya wanawake na viwili vya wanaume, kwa sababu foleni ya asubuhi ndiyo inayowapeleka watu vichakani. Shimo liwe angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo chochote cha maji, na kitako chake kiwe juu ya maji ya ardhini kwa mita 1.5 au zaidi, hata wakati wa masika. Kwenye udongo wa mfinyanzi shimo hukawia kufyonza, kwa hiyo maji ya kuoga yasielekezwe humo. Yapitishwe kwenye shimo lake lenye kokoto. Bomba la hewa la inchi 4 lipande nusu mita juu ya paa, na mdomoni liwe na wavu wa nzi. Wavu ukichanika, choo kizuri kinageuka kiota cha nzi ndani ya wiki moja, na wavu ndio unaosahaulika kwenye kila ukaguzi.

Ndani ya vyoo vya wanawake kuwe na komeo la ndani linalofunga kweli, ndoano ya kutundikia mfuko, na pipa lenye kifuniko. Nje kuwe na kibuyu chirizi na sabuni iliyofungwa kwa kamba. Njia ya kutoka kwenye hema hadi chooni iwe na taa za sola fupi, zisizozidi magoti, zenye mwanga wa manjano. Mwanga mweupe ulio juu huita wadudu na kumpofusha mtu anayetembea. Shule na vikundi vya skauti vikiuliza kama wasichana wanaweza kulala hapo, jibu litatokana na komeo na taa hizi kuliko maneno ya kipeperushi.

Kuhusu moto tunaomba mtusikilize kwa makini. Msitu huu umeliwa miaka mingi na mahitaji ya jiji: mkaa, kuni, nguzo. Kambi haiwezi kuwa mlango mwingine wa kuni. Iwe marufuku kuokota hata kijiti, pamoja na vilivyoanguka, kwa kuwa gogo linalooza ni nyumba ya wadudu anaowala sange. Mapishi yawe ya gesi, mtungi mdogo wa kilo 6 unatosha kikundi cha watu kumi kwa wikendi bila wasiwasi. Kama mtaruhusu moto wa kuota, uwe mmoja wa pamoja, kwenye duara la mawe lililozungukwa na ardhi tupu ya mita 3 kila upande, kwa kuni zinazouzwa kambini kutoka mashamba ya miti ya kupandwa. Kiangazi baadhi ya miti ya msitu huu hupukutisha majani, na zulia hilo la majani linashika cheche upesi. Miezi hiyo moto wa kuota usiwepo kabisa.

Kuzima moto nako kuna kosa moja linalojirudia: watu hufukia makaa kwa mchanga. Mchanga unayahifadhi. Yanabaki na moto kwa saa nyingi, na mtoto anayepita pekupeku asubuhi anaungua. Mimina maji, koroga kwa fimbo, mimina tena, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu na majivu. Ukihisi joto, hujazima. Ndoo mbili za lita 20 zilizojaa zikae karibu na duara muda wote moto unapowaka, na zisiazimwe kwa kuogea.

Na hili liandikwe kwa herufi kubwa langoni, na mpokeaji wageni alirudie kwa mdomo: jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema, hata likiwa limebaki makaa mekundu bila moshi. Usiku wa Julai kuna ubaridi Kisarawe, mtu anaona alivute jiko ndani apashe miguu. Gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Inaua watu wakiwa usingizini.

Mapango ya Pugu yatazamwe kwa mwongozaji, yasilalwe. Kinyesi kikavu cha popo kina vimelea vya ukungu vinavyoweza kuumiza mapafu vikivutwa na vumbi. Virusi vya Marburg, vilivyozuka mkoani Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025, asili yake ni popo wanaokula matunda na kukaa mapangoni. Kanuni ni nyepesi: hakuna hema, chakula wala mapumziko ndani ya pango, hakuna kushika popo, na mikono inaoshwa kwa sabuni mtu akitoka. Hata popo wenyewe wanahitaji utulivu. Moshi na kelele huwafukuza.

Wadudu na wanyama wadogo hawahitaji hofu, wanahitaji utaratibu. Siafu hutembea sana baada ya mvua. Askari wa zamu apite kila jioni saa 11 kukagua mistari yao kuzunguka uwanja, na hema lililo njiani lihamishwe kabla ya giza. Kumwaga mafuta ya taa si suluhisho, yanaua udongo na siafu wanazunguka. Komba na tumbili hufungua mifuko, kwa hiyo kila sehemu iwe na sanduku la bati lenye komeo la kuhifadhia chakula, na mapipa ya taka yasiwepo uwanjani. Kila mgeni apewe mfuko mmoja wa salfeti langoni na auonyeshe ukiwa na taka anapotoka. Kwa nyoka, akiwemo kifutu anayelala njiani bila kukimbia: tochi kila hatua ya usiku, viatu vikung'utwe asubuhi, na akiumwa mtu asichanjwe, asinyonywe, asifungwe kamba ya kubana. Atulizwe, kiungo kisichezeshwe, apelekwe Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe. Gari la kumpeleka lijulikane kabla, pamoja na jina la dereva wa zamu na namba yake.

Sasa upande wa ofisi, maana mchanga mzuri hausaidii mtu asiyejua amuone nani. Mgeni anahitaji simu moja, bei moja iliyotangazwa, na namba ya malipo inayotoka hata Jumamosi. Bei hiyo itaje kila kilichomo: kiingilio, kulala, mwongozaji, gari. Familia inaweza kulipa kiasi kinachojulikana. Kinachowakwaza watu ni kugundua nyongeza ya tatu wakiwa wameshashusha mizigo. Fomu iwe ya ukurasa mmoja: majina, simu ya ndugu wa kupigiwa, na saa ya kuondoka. Nakala ya orodha ya usiku huo ipelekwe kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa ulio jirani, ili wananchi wakiona tochi msituni wajue ni wageni na si wakata mkaa.

Mwisho wa kuingia uwe saa 10 jioni. Jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo kutegemea mwezi, na anayesimamisha hema kwa mara ya kwanza anahitaji saa nzima ya mwanga, nyingine ya kupika. Spika na jenereta zisiruhusiwe kabisa, kwa kuwa sauti ya komba na bundi ndiyo bidhaa mnayouza.

Majirani wa msitu wapewe nafasi ya kweli. Chai na mihogo ya asubuhi, maji ya kuoga ya moto, kukodisha hema, magodoro na turubai, bodaboda zilizosajiliwa kutoka barabara kuu: haya yote yanaweza kufanywa na vikundi vya akina mama na vijana wa hapo hapo, kwa mkataba unaoandikwa na bei inayobandikwa. Anayekodisha hema afundishwe kulikausha kabla ya kulikunja. Hema linalokunjwa likiwa bichi linaota ukungu kwa siku chache, na harufu ile haitoki.

Kambi ifungwe Machi hadi Mei wakati wa masika. Barabara za ndani zinateleza, vyoo vinajaa maji, na udongo uliokanyagwa unapata muda wa kupumua. Kazi za ukarabati zipangwe Juni, mchanga uongezwe pale uliposombwa, nyavu za vyoo zibadilishwe. Tengeni pia uwanja wa pili wa ukubwa huohuo, ili kila baada ya miaka miwili mmoja upumzishwe nyasi na miche irudi.

Tuko tayari kuja na pima maji, kamba na vigingi kupima sehemu 12 za kwanza pamoja na maofisa wenu, siku yoyote ya juma mtakayopanga, bila malipo. Mkituambia eneo mnalolifikiria, tungependa kulikagua mara mbili: mara moja likiwa kavu, na mara moja saa moja baada ya mvua kubwa kukatika, maji yakiwa bado yanaonyesha yanakopita.

Wenu,
Wapiga kambi wa Dar es Salaam na Kisarawe